Kura Ihesabiwe Vipi? Uchambuzi wa Kisa cha Ufaransa, 1786–1789

Wanafunzi wengi huyaanza Mapinduzi ya Ufaransa kwenye gereza la Bastille, maana ndiko kulikokuwa na moshi wa baruti. Mimi huwaanzishia ndani ya ukumbi mmoja wa Versailles, mji wa jumba la mfalme karibu na Paris, Mei 1789, ambamo watu wapatao 600 waliovaa nguo nyeusi walikaa siku baada ya siku wakikataa jambo linaloonekana dogo mno. Waliambiwa wahakiki hati zao za uwakilishi peke yao. Wakasema hapana: tutazihakiki pamoja na wenzetu wa matabaka mengine, yaani makasisi na makabaila, la sivyo hatuzigusi.

Naamini kwa dhati kwamba mamlaka ya mfalme wa Ufaransa yalimponyoka katika mgomo ule wa hati, kabla hata jiwe moja la Bastille halijabomolewa. Serikali iliita watu wote waje waseme, ikaacha kuwaambia sauti zao zitahesabiwa vipi. Kisa hiki nakiandika kwa ajili ya yeyote anayehusika na mageuzi ya katiba, ya chama au ya ushirika. Mawaziri na wanasiasa wa siku zile nimewataja kwa kuwa ni watu wa historia. Wanakijiji na maparoko nimewaacha bila majina, kwani kinachotufaa ni nafasi waliyokuwa nayo katika mambo haya.

Usuli: deni na wasiolipa

Louis wa 16 alirithi ufalme mwaka 1774 akiwa na miaka 19. Miaka minne baadaye Ufaransa iliingia vitani upande wa makoloni ya Amerika dhidi ya Uingereza. Vita hiyo iligharimu zaidi ya livre (fedha ya Ufaransa ya wakati ule) bilioni 1, na sehemu kubwa ya fedha hizo ilikopwa. Aliyesimamia mikopo hiyo kwa miaka ya mwanzo, Jacques Necker, alichapisha hesabu za serikali mwaka 1781 zikionyesha ziada ya livre milioni 10. Gharama za vita hakuziingiza. Wananchi walizinunua hesabu hizo kwa maelfu, wakaamini kwamba hazina ni nzima.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Mwezi Agosti 1786 waziri mwingine wa fedha, Charles-Alexandre de Calonne, alimweleza mfalme kwamba pengo la mwaka linakaribia livre milioni 100. Hesabu za mwaka 1788 zilithibitisha ubaya wenyewe: matumizi milioni 629, mapato milioni 503, na katika matumizi hayo milioni 318 zilikwenda kulipia madeni peke yake. Hapa nawaomba wasomaji tuiache ile hadithi ya magauni ya malkia. Nyumba yote ya kifalme, karamu na farasi na watumishi wake, ilitumia kama asilimia 6 tu. Hata ungeifuta yote, sehemu kubwa ya pengo ingebaki.

Kilichozuia pengo lisizibwe ni misamaha. Makabaila hawakulipa kodi kuu ya mkulima iliyoitwa taille. Kanisa lilitoa kwa serikali kile lilichokiita zawadi ya hiari. Mkulima ndiye aliyelipa taille, akalipa kodi ya chumvi, akatoa zaka kwa kanisa, akampa bwana wa ardhi haki zake za jadi, kisha akaitwa shokoa kutengeneza barabara bila ujira. Na mfalme, pamoja na kuhubiriwa kwamba mamlaka yake hayana mpaka, alihitaji mahakama kuu zilizoitwa parlement zisajili kila amri yake ya kodi. Majaji wa mahakama hizo walikuwa makabaila walionunua au kurithi viti vyao.

Milango miwili iliyogoma kufunguka

Calonne alipendekeza kodi ya ardhi isiyosamehe mtu, mabaraza ya majimbo yachaguliwe na wenye ardhi bila kujali tabaka, ushuru wa ndani ya nchi ufutwe, na shokoa igeuzwe kuwa malipo ya fedha. Ni mpango mzuri. Nimeusoma mara nyingi na kila mara nasikitika jinsi ulivyokufa.

Alijua parlement zingeukataa, kwa hiyo akamshauri mfalme aite kwanza Baraza la Watu Mashuhuri, watu 144 walioteuliwa na mfalme mwenyewe. Mantiki yake ilieleweka: wakubwa wakishaukubali, nani ataupinga? Walikutana Februari 1787, na karibu wote walikuwa ni walewale ambao kodi mpya ingewagusa. Wengine walikubali kwamba misamaha ya kodi iondolewe, lakini wakadai kuona vitabu vya hesabu, na wengine wakasema kodi ya aina hiyo inahitaji idhini ya taifa zima. Aprili Calonne akafukuzwa. Askofu mkuu Loménie de Brienne, aliyekuwa mmoja wa wapinzani wake barazani, akachukua nafasi, akausoma mkoba wa nyaraka, na akajikuta anapendekeza karibu mambo yaleyale.

Brienne akaenda kwenye mlango wa pili. Parlement ya Paris ikagoma kusajili na kutamka kwamba kodi za kudumu zinaweza kuidhinishwa na Baraza la Matabaka Matatu pekee, yaani mkutano wa wawakilishi wa makasisi, makabaila na watu wengine wote. Majaji wakapelekwa uhamishoni Troyes, wakarudishwa, wakagombana tena na mfalme, na Mei 1788 wakanyang'anywa mamlaka ya kusajili. Mikoa ikawaka. Huko Grenoble tarehe 7 Juni watu walipanda juu ya mapaa na kuwapiga askari kwa vigae. Agosti hazina ilikauka, malipo yakasitishwa kwa sehemu, na Brienne akajiuzulu baada ya kutangaza kwamba Baraza la Matabaka litakutana Mei ya mwaka uliofuata. Necker akarudishwa, kwa kuwa ndiye pekee ambaye wakopeshaji walimwamini.

Baraza hilo lilikuwa halijakutana tangu 1614. Miaka 175. Hakukuwa na mtu hai aliyewahi kuliona, wala aliyewahi kuzungumza na aliyeliona.

Desemba 27: uamuzi ulioachwa nusu

Hapa ndipo kiini cha kisa kilipo, na hapa sitaki twende haraka.

Mwaka 1614 matabaka yalikaa mbalimbali: makasisi, makabaila, na Tabaka la Tatu, yaani watu wengine wote. Kila tabaka lilikuwa na kura moja. Makasisi wakuu walikuwa makabaila kwa nasaba, kwa hiyo hesabu ilijulikana kabla ya kikao kuanza: mbili kwa moja. Septemba 1788 parlement ya Paris ilitamka kwamba baraza jipya lifuate utaratibu uleule wa 1614. Majaji waliokuwa wakishangiliwa mitaani kiangazi chote walipoteza heshima yao ndani ya siku chache. Hadi hapo ugomvi ulikuwa kati ya mfalme na wakubwa. Kuanzia hapo ukawa kati ya Tabaka la Tatu na wenye upendeleo.

Zikazaliwa hoja mbili. Ya kwanza ilitaka wawakilishi wa Tabaka la Tatu wawe mara mbili, walingane na wale wa matabaka mengine mawili wakijumlishwa. Ya pili ilitaka kura zihesabiwe kwa vichwa, katika ukumbi mmoja. Yeyote aliyewahi kukaa kwenye mkutano anaona kwamba ya kwanza bila ya pili haina thamani. Mkiwa 600 na kura yenu ni moja, mnakuwa mmeongezewa viti vya kukalia tu.

Necker aliliita tena Baraza la Watu Mashuhuri, Novemba, likakataa hata hoja ya kwanza. Ndugu wa kifalme wakamwandikia mfalme kumwonya kwamba kiti chake kiko hatarini. Tarehe 27 Desemba baraza la mfalme likatoa uamuzi: Tabaka la Tatu litakuwa na wawakilishi mara mbili. Kuhusu namna ya kuhesabu kura, halikuamua.

Kwa nini? Tumtendee Necker haki. Alihitaji mikopo ya kuivusha serikali hadi Mei, na kila tabaka lililokasirika lingeweza kuiyumbisha. Mvua ya mawe ya Julai 1788 ilikuwa imeharibu mashamba kuzunguka Paris, baridi iliyofuata iligandisha mito na kusimamisha vinu, na yeye alikuwa akihangaika kununua nafaka nje ya nchi. Alitumaini kwamba matabaka yakishakutana yatakubaliana yenyewe kupiga kura pamoja angalau katika mambo ya kodi. Aliona kunyamaza kuwa ndiyo njia ya amani.

Lakini mfano mwingine ulikuwa umeshaonekana. Julai 1788, katika kasri la Vizille karibu na Grenoble, makasisi, makabaila na watu wa Tabaka la Tatu wa mkoa wa Dauphiné walikutana pamoja na kukubaliana: Tabaka la Tatu mara mbili, kura kwa vichwa. Walioongoza hoja walikuwa wanasheria, mmoja wao Jean-Joseph Mounier. Makabaila wa Dauphiné hawakufa kwa hilo. Walikubali kwa sababu makubaliano yalitangulia kikao, wakati kila upande bado ulimhitaji mwenzake dhidi ya mawaziri wa mfalme.

Vijijini, majira ya kuchipua ya 1789

Kanuni za uchaguzi zilitoka Januari 24. Katika Tabaka la Tatu, mwanamume mwenye miaka 25 aliyeandikwa kwenye orodha ya walipa kodi alikuwa na haki ya kuhudhuria. Kijijini mkutano ulitangazwa na paroko juu ya mimbari, na mara nyingi ulifanyika kanisani humohumo baada ya misa. Ofisa wa mahakama ya eneo akakaa mezani na karatasi. Wanakijiji wakasema, yeye akaandika.

Wakasema nini? Walilalamikia njiwa wa bwana, wanaoshuka shambani na kula mbegu siku ileile zinapopandwa, na hakuna ruhusa ya kuwapiga. Sungura wake nao. Walilalamikia kinu chake, ambacho lazima nafaka zote zisagwe hapo na ada ilipwe hapo, na bei ya chumvi inayopanda ukivuka mpaka wa mkoa. Wakamshukuru mfalme kwa kuwauliza. Daftari kama hizo zilikusanywa makumi ya maelfu, na wengi waliorudi nyumbani kutoka kanisani waliamini kwamba jambo lililoandikwa kwa amri ya mfalme ni jambo lililokwisha kubaliwa.

Kwa makasisi kanuni zilifanya jambo ambalo naliona kubwa kuliko yote. Kila paroko alipewa kura yake binafsi, huku watawa na mapadri wa makanisa makuu wakituma wajumbe wachache tu. Paroko wa chini, ambaye wengi wao waliishi kwa livre 700 kwa mwaka, alijikuta na uzito sawa na askofu wake. Matokeo yake zaidi ya 200 kati ya wawakilishi wapatao 300 wa makasisi walikuwa maparoko. Serikali iliyoogopa kuhesabu vichwa barazani ilikuwa imeshahesabu vichwa ndani ya kanisa.

Wiki sita za hati

Tarehe 5 Mei baraza lilifunguliwa. Necker alisoma hotuba ya saa kama tatu iliyojaa takwimu, sauti ikamkauka, mtu mwingine akaimalizia. Juu ya namna ya kupiga kura hakutoa amri. Kesho yake makasisi na makabaila wakaingia katika vyumba vyao, na Tabaka la Tatu likaachwa katika ukumbi mkubwa kwa sababu ya wingi wake. Kwa hiyo mgomo ulifanyika katika ukumbi wa taifa, mbele ya watu waliojaa kutazama.

Wakaanza kukataa. Wakikubali kuhakiki hati zao peke yao, watakuwa wamekubali kwamba wao ni tabaka linalojitegemea, na hesabu ya mbili kwa moja itafuata. Wiki zikapita. Mfalme alifiwa na mwanawe mkubwa tarehe 4 Juni, mtoto wa miaka 7, naye katika msiba huo hakusikia wala hakusema mengi. Mkate nao ulizidi kupanda. Mkate wa ratili nne ulikuwa umefika karibu sou (sarafu ndogo ya Ufaransa) 14 na nusu mjini Paris, wakati kibarua wa kawaida alipata kati ya sou 20 na 30 kwa siku.

Tarehe 12 Juni, kwa hoja ya padri Sieyès, Tabaka la Tatu lilianza kuita majina ya wawakilishi wote, wilaya kwa wilaya, matabaka yote matatu. Makasisi wa wilaya fulani? Kimya. Makabaila? Kimya. Wakaendelea. Kesho yake, zamu ya mkoa wa Poitou ilipofika, maparoko watatu waliingia na hati zao mkononi. Ukumbi ukalipuka kwa vifijo, watu wakawakumbatia. Siku zilizofuata wakaja wengine.

Tarehe 17 Juni, kwa kura karibu 490 dhidi ya 90, wakajiita Bunge la Taifa. Uamuzi wao wa kwanza ndio unaonishangaza hadi leo kwa ukomavu wake. Walitamka kwamba kodi zote zilizopo si halali kwa kuwa taifa halikuziidhinisha, ila wanaruhusu ziendelee kulipwa maadamu bunge linakaa. Likivunjwa, kodi zinakoma. Na palepale wakalichukua deni la serikali chini ya dhamana ya taifa. Mwenye hati ya mkopo, ambaye jana alimtegemea mfalme, sasa aliomba bunge lisivunjwe.

Matokeo

Tarehe 20 Juni waliukuta ukumbi umefungwa na askari mlangoni, mafundi seremala wakiwa ndani wanaandaa kikao cha mfalme. Mvua ilikuwa ikinyesha. Wakahamia kwenye ukumbi wa karibu wa kuchezea tenisi, na kwa hoja ya Mounier, yuleyule wa Vizille, wakaapa kutotawanyika mpaka katiba isimame. Mjumbe mmoja, Martin-Dauch, aliandika kando ya jina lake kwamba anapinga. Walimzomea, lakini maandishi yake hayakufutwa.

Tarehe 23 mfalme alikuja na mpango: hakuna kodi wala mkopo mpya bila idhini, uhuru wa mtu, shokoa kwisha. Ila matabaka yabaki mbalimbali, na maamuzi ya tarehe 17 ni batili. Akaamuru watawanyike. Tabaka la Tatu na baadhi ya makasisi wakabaki wamekaa. Siku nne baadaye mfalme mwenyewe aliwaagiza makabaila na makasisi waliobaki waende kuungana nao. Kura zikahesabiwa kwa vichwa. Huku nyuma aliita vikosi kuzunguka Paris, Julai 11 akamfukuza Necker, na Julai 14 Paris ikajibu kwa njia inayojulikana: ikaiteka Bastille.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi upande wa serikali ni kule kuuliza. Dola chache za wakati ule zilithubutu kuwauliza wakulima wao kwa upana huo, na majibu yalikuwa ya kweli. Kosa lilikuwa kuuliza bila kuandaa mahali pa kuyapeleka majibu. Waliorudi vijijini walingoja Mei nzima na Juni nzima, wasisikie hata neno moja juu ya njiwa.

Kosa la pili ni la wakati. Ukiuweka mpango wa Juni 23 kando ya madai ya 1787, utaona kwamba mfalme alikubali karibu yote yaliyokuwa yakidaiwa. Ungetolewa pamoja na uamuzi wa Desemba, naamini Mounier na wenzake wengi wangeupokea kwa shukrani. Ulipotoka Juni, ukiwa umezungukwa na askari, ulisomeka kama adhabu. Wanafunzi wangu huniuliza kama Necker angeweza kuamua vingine. Angeweza. Vizille ilikuwa umbali wa siku chache kwa farasi, taarifa zake zilikuwa mezani, na kura kwa vichwa katika mambo ya kodi peke yake ingetosha kuanzia. Makabaila wangekasirika Desemba badala ya Juni, wakati mfalme bado anapendwa.

Upande wa Tabaka la Tatu, nguvu yao ilikuwa katika kuchagua jambo dogo na kutoliachia. Hawakudai jamhuri. Hawakumtukana mfalme. Walisimama kwenye hati, na waliacha mlango wazi ili yeyote wa tabaka lingine aingie bila aibu. Kuita majina ya watu wasiokuwepo kulionekana kama mchezo wa kuigiza kwa wengine, lakini wale maparoko watatu wasingekuwa na mahali pa kujibu kama majina yao hayakuitwa.

Udhaifu wao nao tuutaje. Waliopigania kuhesabiwa hawakupenda kuwahesabu wengine. Wanawake hawakuwemo barazani, na vibarua wasio kwenye orodha ya kodi hawakuwemo. Kisha mwishoni mwa Juni na mwanzoni mwa Julai likaja suala la Saint-Domingue, koloni la Ufaransa katika Karibi ambalo leo ni Haiti, ambako wazungu wenye mashamba walitaka wapewe viti kama 20 kwa kigezo cha wingi wa watu wa koloni. Wengi wa watu hao walikuwa watumwa, karibu nusu milioni. Mirabeau, mmoja wa wawakilishi wa Tabaka la Tatu, aliwauliza: kama mnawahesabu watumwa kuwa watu, basi wapige kura, na kama si watu, kwa nini sisi hatukuwahesabu farasi na nyumbu wetu? Swali hili linatuhusu sisi wa pwani kwa karibu. Mwaka 1776 Mfaransa Morice alifunga mkataba na sultani wa Kilwa auziwe watu 1,000 kila mwaka, na wengi walionunuliwa Kilwa na Wafaransa walipelekwa kwenye mashamba ya Île de France, Morisi ya leo. Kutoka pwani ya Msumbiji meli nyingine zilizunguka Rasi ya Tumaini Jema hadi Saint-Domingue yenyewe.

Bunge lililozaliwa kwa hoja ya kuhesabu vichwa liliwapa wenye mashamba viti 6, vyote vya wazungu, likaendelea na ajenda. Usiku wa Agosti 22, 1791, watumwa wa kaskazini mwa Saint-Domingue walianza kuyachoma mashamba ya miwa.